Somo: Kubakisha rangi moja kwenye picha nyeusi na nyeupe kwa GIMP, programu ya kompyuta ya kurekebisha picha (someni KABLA ya kuuliza)

Assalaam alaykum jamaa.

Toka Skukuu imalizike sipumui. "Ile picha ya mtoto mwenye gauni jekundu umeifanyaje?" Mmoja kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kuuliza hilo hilo. Basi naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtupia hapa.

Picha yenyewe ni ya mtoto wa dada yangu, asubuhi ya Idi, kabla hajenda Mnazi Mmoja. Kasimama kizingitini, nyuma yake mlango wa zamani wa Mji Mkongwe wenye nakshi na misumari ya shaba. Gauni ni jekundu, kila kitu chengine kijivu. Na rangi ile sikuipaka mie! Ilikuwemo toka kwenye kamera. Nilichofanya ni kuifunika picha nzima kwa nakala yake isiyo na rangi, halafu nikaitoboa nakala hiyo pale penye gauni. Ukilifahamu hilo, yaliyobaki ni kubonyeza.

Majina ya menyu hapa ni ya GIMP 2.10 ya Kiingereza.

1. Nakili picha yako kwenye folda nyengine. Fanya hivyo sasa hivi, sababu utaiona chini.

2. Fungua ile nakala kwenye GIMP.

3. Ctrl+Shift+D. Sasa una leya mbili zinazofanana, yaani tabaka mbili za picha, moja juu ya nyengine.

4. Ondoa rangi kwenye leya ya juu: "Colors", kisha "Desaturate", kisha "Desaturate" tena. Chagua "Luminance".

Hapa ndipo nilipoumbuka, kwahivyo nisomeni taratibu. Kuna njia nyengine ya kupata kijivu: "Image", "Mode", "Grayscale". Inaonekana fupi na matokeo kwa macho ni yale yale. USIIGUSE. "Desaturate" inaondoa rangi kwenye leya uliyoichagua peke yake. "Grayscale" inageuza faili zima, leya zote, hata ile ya chini uliyoitegemea ikuhifadhie rangi. Utatoboa mpaka asubuhi, chini utakuta kijivu.

Mwaka 2019 nilipewa kazi ya harusi. Bibi harusi kakaa kitako, mikono ina hina na piko, mapajani kaweka shada la mawaridi. Nilitaka mawaridi tu yabaki na rangi. Nikabonyeza "Grayscale". Usiku umekwenda, macho mazito, nikasema nitamalizia kesho, nikaenda "File" nikabonyeza "Overwrite" nikidhani nahifadhi kazi. Kumbe nimeiandika ile ya kijivu juu ya picha asili. Nikafunga kompyuta. Kadi ya kamera nilishaifuta mchana kwa ajili ya kazi nyengine. Asubuhi Ctrl+Z haina kitu cha kurudisha. Pesa nilirudisha, lakini shangazi mtu mpaka leo tukikutana Darajani anaangalia mafenesi.

Onyo la kwanza: Grayscale hapana. Onyo la pili: Overwrite hapana, kamwe, hata ukiwa na haraka. Onyo la tatu: kadi haifutwi mpaka mteja ameshachukua chake.

5. Bonyeza kitufe cha kulia cha maus juu ya leya ya juu, "Add Layer Mask", chagua nyeupe. Kijisanduku cheupe kitatokea ubavuni mwa leya. Hiyo ndiyo maski: palipo peupe leya inaonekana, utakapopaka nyeusi inatoboka.

6. Bonyeza kile kijisanduku cheupe, uone kimezungukwa na fremu. Kisha P kwa brashi, D kurudisha rangi kuwa nyeusi na nyeupe, na anza kupaka nyeusi juu ya gauni. Wekundu utachomoza kama doa linalorudi baada ya kufua. Ukiona unapaka weusi juu ya mtoto, umechagua leya badala ya maski. Ctrl+Z, rudi.

7. Umepitiliza? Bonyeza X, rangi inageuka nyeupe, paka tena, kijivu kinarudi. Mabano ya mraba yanapunguza na kukuza brashi.

Ukingoni nendeni polepole. Ugumu wa brashi niliuweka kama 75. Ukiweka 100 gauni litaonekana limekatwa kwa mkasi likabandikwa. Tizameni pia shingoni: kitambaa chekundu kwenye jua kinarusha wekundu wake kidevuni na kwenye mikono. Ukiuacha, mtoto ataonekana ana upele. Mie niliufunika wote, ila chini ya mkono niliacha kidogo kwa brashi hafifu.

8. Ctrl+S inahifadhi XCF, faili la GIMP lenyewe, yenye leya zako zote. Ctrl+Shift+E inatoa JPEG ya kutuma. Fanyeni yote mawili.

Basi.

MASUALI

Kombo_wa_Mkoani: Haifanyi kazi.

Jibu: Hatua ya ngapi?

Kombo_wa_Mkoani: Zote. Napaka inatoka nyeusi.

Jibu: Hatua ya 6, sentensi ya kwanza na ya mwisho.

Kombo_wa_Mkoani: Aa, imekubali. Shukran.

bint_jambiani: Ami, programu ya bure hivi haina virusi? Kaka yangu kanambia cha bure kina gharama.

Jibu: Suali zuri mwanangu. GIMP ilianzwa 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, na hadi leo inatengenezwa na watu wa kujitolea. Ila ichukue gimp.org tu. Zile tovuti zenye vitufe vitatu vya kijani vya kupakua ndiko kaka yako aliko sahihi.

fotoexpress: Kwa simu inawezekana? Maana haya yote marefu sana.

Jibu: Inawezekana. Snapseed, bure. Tia "Black & White", kisha ingia kwenye orodha ya mabadiliko uliyofanya, chagua hilo, bonyeza alama ya brashi, upake pale unapotaka pawe kijivu. Kidole ni kinene lakini, ukingo utauona mwenyewe. Na somo si refu, wewe una haraka.

fotoexpress: Sikukutukana mzee.

Jibu: Nami sijasema umenitukana.

mwana_wete: Sheikh, mie nina kisa tofauti. Nina picha ya bibi yangu, ya zamani, nyeusi na nyeupe toka ilipopigwa. Nimeiskani. Kavaa kanga. Nataka kanga tu iwe na rangi. Chini hakuna rangi ya kufichua, nifanyeje?

Jibu: Sasa wewe umesoma. Hapo lazima upake kweli. Kwanza "Image", "Mode", na hakikisha ni "RGB", yaani hali ya rangi, maana skana nyingi hutoa faili la kijivu na faili la kijivu halipokei rangi. Ongeza leya mpya isiyo na kitu, badilisha hali yake iwe "HSL Color", chagua rangi, paka. Hali hiyo inachukua rangi kwako na mwanga kwenye picha, kwahivyo mikunjo ya kitambaa inabaki. Nyeupe kabisa haishiki rangi, na nyeusi kabisa haishiki. Anza na rangi iliyofifia, kali itafanana na chupa ya soda.

Kanga yenyewe ina maua gani?

mwana_wete: Vidoto vidogo vidogo mistari mistari, pindo pana. Mama anasema kisutu.

Jibu: Alhamdulillah, umepona. Kisutu kinajulikana: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nyeusi na nyeupe zimeshakaa mahali pake, wewe unapaka nyekundu peke yake. Ingekuwa kanga nyengine yoyote ungekisia, na hapo nakataza. Kijivu hakisemi kama kilikuwa kijani au buluu. Muulize aliyekuwepo. Picha zile za kale pale Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, tangu 1930 wako pale, mie huzitizama nikajiuliza mabuibui yote yale chini yake yalikuwa na kanga za rangi gani.

Kombo_wa_Mkoani: Nikisafisha picha kama hizo nitoze bei gani?

Jibu: Kwanza maliza ya kwako.

mwana_wete: Nimempigia bibi. Anasema ni nyekundu, ndiyo, ila kanga si yake. Aliazima kwa jirani siku ya kwenda kupiga picha na hajairudisha mpaka leo.

Jibu: Anza na pindo. Halafu mpelekee nakala na huyo jirani.