Jinsi ya kupima uwezo wa hovakrafti kubwa ya kijeshi

Tani za shehena ndizo hutangazwa kwanza, lakini usianzie hapo. Anza na mto wa hewa unaokibeba chombo. Chukua uzito wa chombo kikiwa kimejaa, ugawe kwa urefu mara upana. LCAC, hovakrafti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani inayotoka melini kushusha magari na askari ufukweni, ina urefu wa karibu mita 26.8 na upana wa mita 14.3, na ikijaa hufika tani 170 hadi 185. Jibu ni kilo 440 hadi 480 kwa kila mita ya mraba. Mtu mzima aliyesimama hukandamiza ardhi zaidi ya mara tatu ya hapo. Zubr, hovakrafti kubwa zaidi iliyobuniwa Urusi enzi za Kisovyeti, ina tani 555, lakini kwa urefu wa mita 57 na upana wa mita 25 haifiki hata kilo 400. Hayo ni makadirio, maana mto wenyewe ni mdogo kidogo kuliko mstatili huo. Hata hivyo yanatosha kueleza kwa nini chombo kizito namna hii hupita juu ya tope linalomzamisha askari.

Sasa njoo kwenye shehena, na uangalie kipimo. Tani za Wamarekani mara nyingi ni zile fupi, za kilo 907. LCAC hubeba tani fupi 60, yaani takribani tani 54 za kawaida, na ikizidishiwa hufika tani fupi 75. Kifaru cha M1A1 kina tani 57 hivi. Kwa hiyo ule uwezo wa kubeba kifaru kimoja unaosifiwa ni uzidishaji wa mzigo, si safari ya kawaida. Ndiyo sababu chombo kinachoirithi, LCAC 100, ambacho cha kwanza kilikabidhiwa mwaka 2020, kilibuniwa kubeba tani fupi 74 tangu mwanzo. Zubr hubeba vifaru vitatu, jumla ya tani 150, lakini haisafirishwi tumboni mwa meli nyingine kama LCAC. Hutoka bandarini kwake na kurudi huko huko. Kulinganisha viwili hivi kwa tani pekee ni kuvionea vyote.

Uliza pia: je, chombo chenye mzigo huo kinavuka kilima, yaani wimbi kinacholiumba chenyewe? Chombo kinapoanza kwenda, mto wa hewa hubonyeza maji na kuumba wimbi ambalo lazima chombo chenyewe kilipande. Kwa urefu wa LCAC ukinzani huo hufika kileleni karibu na kilomita 30 kwa saa. Ukishavuka, kasi hupanda kwa urahisi hadi kilomita 74 kwa saa na zaidi. Usipovuka, injini zitanguruma kwa nguvu zote huku chombo kikijikokota na kujimwagia maji. Visababishi ni vilevile kila mara: mzigo mwingi, upepo wa mbele, maji ya kina kifupi, na joto kali, kwa kuwa hewa ya moto hupunguza nguvu ya injini zake za tabo (gas turbine). Dawa ni kutafuta maji ya kina zaidi, kubadili mwelekeo, au kupunguza shehena.

Mpangilio wa mzigo una hatari zaidi kuliko wingi wake. Kifaru kikikaa mbele mno, sketi ya mbele, yaani pazia la mpira linalozuia hewa ya mto isitoke, hugusa maji katika kasi kubwa, hujikunja kuelekea nyuma, na pua huzama ghafla. Pima kila gari kabla halijapanda, weka kitovu cha uzito pale jedwali la chombo linapotaka, kisha funga minyororo. Gari likiteleza njiani, hesabu yote imeharibika.

Sketi ikague kwa mkono. Juu kuna mfuko wa kitambaa cha nailoni kilichopakwa mpira. Chini yake vinaning'inia vidole, yaani vipande vyembamba vya kitambaa, kila kimoja kikijitegemea. Uzuri wa vidole ni kwamba kimoja kikichanika, jirani zake hutanuka na kuziba pengo, na kinabadilishwa peke yake. Ncha zake hupiga maji bila kukoma. Tafuta mahali mpira ulipoanza kubanduka kutoka kwenye kitambaa, maana mpasuko huanzia hapo.

Ufukweni LCAC huvuka kizuizi cha kiasi cha mita 1.2. Mteremko wa pembeni ndio mgumu zaidi: chombo hakishiki ardhi, hivyo huteleza kuelekea chini, na upepo wa ubavuni hukisukuma vivyo hivyo. Hakina breki. Kwa LCAC, tenga mita 450 au zaidi za kusimama, na nusu kipenyo cha kilomita 1.8 au zaidi kwa kugeuka.

Mafuta yana hesabu rahisi. Tangi la LCAC huchukua takribani lita 18,900 na injini zake nne hula karibu lita 3,800 kwa saa, kwa hiyo una saa tano. Kwa kilomita 74 kwa saa ni kilomita 370 hivi, kwenda na kurudi pamoja. Toa humo kusubiri karibu na meli mama huku feni zikizunguka, kwani kuelea tu nako kunakula mafuta.

Baada ya kila safari, osha injini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi huganda kwenye mapanga ya kibanahewa, sehemu ya injini inayobana hewa, na kupunguza nguvu polepole; mchanga hula kingo za propela. Chombo kilichovuka kilima bila shida mwanzoni mwa zoezi kikianza kushindwa kwa mzigo uleule, kagua hayo mawili kwanza.