Kujifunza kurekodi muziki kwa kusoma majarida, bila chuo na bila kumaliza bando

Wadau wa Kusini habari za saa hizi. Kuna madogo kadhaa hapa Mtwara kila tukikutana swali ni lile lile, broo ulisomea wapi kurekodi. Sijasomea popote. Nimejifunza kwa majarida, ndio majarida, yale ya Kizungu ya mambo ya sauti, na studio yenyewe ilikua chumba Chikongola, bati juu, magodoro mawili yameegeshwa ukutani na jirani anafuga kuku. Video ni nzuri sikatai, ila usipoelewa unarudisha nyuma mara kumi mpaka bando linakata na bado hujaelewa, wakati maandishi unayashusha mara moja unasoma hata umeme ukiwa hakuna.

Kabla ya yote chagua softwea moja ya kurekodia ukae nayo. Mi nipo na Reaper, faili lake dogo, laptopu yangu mkweche inaibeba, unaijaribu siku 60 ikiwa kamili na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kama tayari unayo FL Studio baki nayo, usihame kisa mtu amekucheka. Reaper ina kitabu chake cha maelekezo cha PDF, kurasa zinapita 400, na kosa nililofanya ni kuanza kukisoma ukurasa wa kwanza kama riwaya. Nilichoka hata wiki haikuisha. Kile kitabu ni cha kutafutia kitu ukikwama, cha kujifunzia ni majarida.

Sasa majarida gani. Mi kubwa lao ni Sound On Sound la Uingereza, linatoka tangu 1985, lina kona za softwea tofauti tofauti, Cubase, Logic, Pro Tools, Reaper na nyingine, na makala zake nyingi za nyuma zinasomeka bure. Lina kona ya Mix Rescue, msomaji anatuma miksi yake iliyomshinda halafu fundi anaichukua anaitengeneza huku anaeleza kila alichogusa na kwa nini. Hiyo kona ndio chuo changu mimi. Lingine Tape Op la Marekani, lilianza 1996, limejaa mahojiano na mafundi wa studio, hilo unasoma ukishajua jua kidogo.

Namna ya kusoma somo: usilisome ukiwa umelala. Fungua softwea, weka sauti uliyorekodi MWENYEWE, fuata hatua kwa hatua. Nitoe mfano. Somo lilikua la kompresa, ile ya kubana sauti inapopanda sana, kwenye dramu za roki, mi dramu za roki nitazitoa wapi, nikachukua ngoma za sindimba nilizorekodi kwa simu kwenye sherehe moja kule Newala. Nikaweka resho 4:1, maana yake sauti ikivuka ile tresholdi, kiwango ambacho kompresa inaanza kubana, kwa desibeli 4 inatoka imevuka 1 tu. Ataki, yaani muda kompresa inaochukua mpaka ishike, nikaweka milisekunde 1, yule mpigaji akaisha nguvu, kama anapiga ndoo imefunikwa na kitenge. Nikapeleka ataki mpaka milisekunde 30, kile kishindo cha mkono kinapita kwanza ndio kompresa inashika, ngoma ikarudi hai! Hapo ndio nikaelewa ataki ni nini, na ningesoma maelezo yake mwaka mzima nisingeelewa vile. Ila angalizo moja, ukilinganisha kabla na baada hakikisha sauti zote mbili zina ukubwa sawa, maana iliyo kubwa kidogo sikio linaipenda tu bila sababu, utajiona fundi kumbe umeongeza volyumu.

Na somo likiwa la softwea ambayo huna usilitupe. Mi nina daftari, kushoto naandika kitufe wanavyokiita wao, kulia naandika KAZI yake kwa Kiswahili changu, mfano "inazuia mvumo wa chini" au "inakata kimya katikati ya maneno". Ukijua kazi, kitufe utakitafuta kwenye softwea yako na utakipata, kila moja inacho ila jina tofauti.

Angalia pia mwaka wa makala. Za zamani sana watakwambia rekodi kwa nguvu mpaka mita ikaribie nyekundu, ilikua sahihi kwa mambo ya tepu na biti 16, ukirekodi chini unaokota mvumo. Leo unarekodi biti 24, acha sauti icheze karibu na desibeli -18 kwenye mita ya softwea, vilele visipite sana -10, inatosha kabisa. Madogo wengi wanaunguza vokali kwa sababu ya ushauri uliokua sahihi zamani hizo.

Haya, twende kwenye tathmini za vifaa, hapa ndio wengi wanapotea, maana wanasoma kama tangazo la bidhaa, kipo au hakipo, shilingi ngapi. Mi nasoma hata za vifaa ambavyo sitavinunua maisha yangu, kwa sababu mwandishi anakufundisha kitu gani cha kusikiliza, mfano herufi S inavyochoma, mvumo ukipandisha geini, maiki ikisogezwa karibu besi inavyojaa. Maneno ya "joto" na "hariri" ruka, hayakusaidii. Halafu ujue jarida linaishi kwa matangazo pia, kwa hiyo lawama huwa laini laini, ukiona kaandika "ningependa kebo ingekua ndefu kidogo" jua ni fupi inakera.

Nenda moja kwa moja kwenye kile kisanduku cha vipimo. Mimi kisanduku hicho kilinitia adabu, nilinunua maiki ya kondensa kwa hela ya korosho, nikachomeka kwenye miksa yangu ya zamani, kimya. Nikamrudia muuzaji nimefura, naye hajui, tukabaki tunaangaliana. Kumbe kondensa inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa au saundi kadi na miksa yangu haikua nao. Imeandikwa kwenye kila tathmini ya maiki ile, mstari mmoja tu, mi niliangalia picha.

Kingine ni ule uchelewaji wa sauti kwenye hedifoni, msanii anaimba anajisikia nyuma. Wakitaja baffa, yaani vipande vya sauti laptopu inavyokusanya kabla ya kuvitoa, chukua kikokotoo, gawanya kwa 44100, ambavyo ndio vipande vya sekunde moja. Baffa 256 ni kama milisekunde 6, 1024 ni kama 23, na saundi kadi yenyewe inaongeza zake juu. Kwa 23 mtu hawezi kuimba, ukirekodi shusha, ukimiksi pandisha ili laptopu ipumue.

Tathmini za zamani za maiki usizidharau. Shure SM58 imetoka 1966 na mpaka leo inauzwa, ila feki zake zimejaa mitaani. Vipimo vinasema gramu 298, mi nilibeba yangu mpaka kwa mama muuza viungo nikamwomba mizani yake ya kidijitali, akacheka ila akapima. Uzito peke yake hauthibitishi kitu, feki nyingine nzito nzito, lakini ikija nyepesi sana rudisha tu usibishane.

Kwa hiyo kama unasubiri msimu wa korosho ndio ununue, miezi hii ya kabla ndio ya kusoma, tathmini tatu za kifaa kimoja kutoka kwa watu tofauti, lawama ikijirudia kwa wote hiyo ni ya kweli. Kiingereza kikikusumbua niulizeni hapa hapa, maneno yenyewe yanajirudia tu. Mi leo sirekodi chochote, nina kaswida ya madrasa ya jirani haijaisha ila mvua imeanza na hili bati linaimba kuliko watoto.