Bao la kete, shimo kwa shimo: namna ya kulinda nyumba yako na kuiandama ya mwenzako

Vijana wengi wanaojifunza bao huku kwetu Mtwara wanajua kula. Mkono mwepesi, kete zinalia, watazamaji wanashangilia, halafu punde nyumba imeondoka na mwenyewe hajui imeondokaje. Wanatazama kete badala ya kutazama mashimo. Kila shimo la mbele lina kazi yake, na ukishaijua kazi hiyo utaacha kucheza kwa kubahatisha. Hapa nachukulia kwamba kusambaza kete na kula unajua tayari, maana hayo unafundishwa barazani bila kuomba.

Hatua ya 1: Panga, kisha yape mashimo namba

Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane; safu mbili ni zako, mbili za mwenzako. Kete ni 64, kila mtu 32. Kete bora ni komwe, zile mbegu za kijivu zinazookotwa kwenye vichaka vya miiba karibu na ufuko. Ni ngumu, zinalingana, na zikishikwa miaka zinakuwa laini kama zimepakwa mafuta. Kokoto zinafaa mkiwa mmechimba bao chini ya mkorosho, ila ukubwa wake unatofautiana na jicho linadanganyika unapokadiria shimo lina ngapi.

Hesabu safu yako ya mbele kuanzia kushoto kwako: 1 hadi 8. Lile la mraba, la 5, ndiyo nyumba. Weka kete 6 nyumbani, 2 kwenye la 6 na 2 kwenye la 7. Zilizobaki, 22, zikae mkononi.

Sasa shika hesabu hii: shimo lako na linalolikabili kwa mwenzako, ukijumlisha namba zake unapata 9. Nyumba yako, la 5, inatazamana na la 4 lake. Nyumba yake inatazamana na la 4 lako. Kwa hiyo mchezo mzima una mashimo mawili ambayo jicho lisiyaache: la 4 lako na la 4 lake.

Hatua ya 2: Fungua kwa shimo la 6

Mwanzoni hakuna cha kula, kwa hiyo anayeanza anatakata, yaani anasambaza bila kula. Namua kwenye la 6, yaani ongeza humo kete moja ya mkononi, ziwe tatu, zisambaze kwenda kushoto: moja nyumbani, moja la 4, moja la 3, umelala, yaani zamu yako imeisha. Ukitazama vizuri, la 4 lako linaitisha nyumba yake yenye 6, na la 3 lako linatisha kete zake 2. Tishio moja angelijibu; mawili hawezi.

Tuseme anaihofia nyumba, ananamua hapo na kula kete yako moja ya la 4. Ile moja anaiweka kwenye kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na kulala. Zamu yako. Namua la 3, ule zile 2. La 3 si kimbi (mashimo ya pembeni, tutayaona Hatua ya 5), kwa hiyo uko huru kuanzia kichwa chochote. Mwanagenzi ataanza kushoto: moja la 1, moja la 2, kalala, hana alichopata zaidi ya kete mbili. Wewe anza kulia. Moja la 8, moja la 7 ambamo zilikuwamo 2. Mbele yake hakuna kitu, basi chota zote tatu uendelee: la 6, nyumbani, la 4. Umelala, lakini umelala mlangoni kwake. Kete zilikuwa mbili zile zile, ila hapa nyumba yake imerudi hatarini na yako imefika 8.

Ukiwa huna hakika uanzie wapi, fuatilia kwa macho mpaka mwisho kabla hujagusa. Barazani hakuna kurudisha kete.

Hatua ya 3: La 4, mlango na chambo

Katika namua, yaani mkiwa bado na kete mkononi, kula ni lazima. Anayeweza kula hawezi kutakata. Hii ndiyo nguvu ya kete moja uliyoiacha kwenye la 4: kama hana kula kwingine, mwenzako atanamua nyumbani kwake aile. Kila akifanya hivyo anaongeza kete moja nyumbani. Anadhani anajilinda, kumbe anainenepesha nyumba kwa ajili yako.

Upande wako, kabla hujala popote, tupia jicho shimo lake la 4. Likiwa na kete, ile kwanza, hata kama kwingine kuna nono. Nimeona mafundi wa watu wakifuata kete tano pembeni na kuacha nyumba ya kumi na mbili.

Hatua ya 4: Nyumba, ulale au usafiri?

Ukila kete 5 ukaanzia kichwa cha kushoto, ya mwisho inaangukia nyumbani. Ukila 4 ukaanzia kulia, vivyo hivyo. Kama la 4 lake ni tupu, una hiari: kulala au kusafirisha nyumba, yaani kuchota kete zake zote na kuendelea kusambaza. Ukiwa unatakata huna hiari, ukifika nyumbani unalala.

Vijana husafiri mapema kwa sababu inapendeza. Mimi nasema lala, mpaka hesabu ikubali. Ukielekea kulia, nyumba ya kete 12 inazunguka safu ya nyuma yote na kuishia kichwa cha kushoto, la 1. Ukielekea kushoto, ya 13 inaishia kichwa cha kulia, la 8. Hizo ni safari zenye mwisho mzuri, kama kichwa hicho kina kete na mbele yake kuna za kula. Nyumba ya 8 inayoelekea kulia inaishia nyuma, chini ya la 4. Pakiwa tupu umebomoa nyumba yako kwa mikono yako mwenyewe.

Wala usiifuge kupita kiasi. Kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, yaani mnacheza kwa zilizomo mashimoni tu, na shimo lenye zaidi ya kete 15 haliruhusiwi kuanzisha mtaji. Nyumba ya 17 inabaki pale ikingoja kuliwa.

Hatua ya 5: Kimbi, mashimo ya kugeuza njia

La 1, la 2, la 7 na la 8 ni kimbi. Ukila kwenye kimbi huchagui: la 1 na la 2 unaanzia kichwa cha kushoto, la 7 na la 8 cha kulia. Kwingine, ukishaanza mwelekeo mmoja unaendelea nao. Maana yake, ukitaka kugeuza njia katikati ya mchezo, lazima ule kwenye kimbi. Fundi anayefika la 7 akitoka kushoto, akala, akarudi nyuma hadi la 4 na kubeba nyumba, alianza kuhesabu akiwa bado hajainua mkono.

La 3 halina mengi. Liwe na kete moja au mbili.

Hatua ya 6: Mtaji na safu ya nyuma

Kete za nyuma haziliwi, lakini mbele pakiwa patupu umefungwa hata kama nyuma umejaza 20. Zitumie kama ghala la kulisha mbele. Shimo lenye kete moja haliwezi kuanza, na ukibaki na moja moja tu bao zima, umefungwa pia. Basi weka walau mashimo mawili ya nyuma yenye kete tatu hadi sita, na kila zamu hesabu kila moja linaishia wapi kwa njia zote mbili.

Ukimmaliza mwenzako mbele kabla kete za mkononi hazijaisha, hiyo ni mkononi. Kwa mtu mzima inauma, basi ukimfunga mzee hivyo usishangilie, mpangie kete, mwambie, "Mzee, anza wewe."