Kinundu kwenye pafu: pima mafuta kabla hujaandika "saratani"

Juzi kwenye zamu ya usiku hapa Dodoma, daktari kijana aliniita nimwangalizie picha ya CT (mionzi inayoonyesha mwili kipande kwa kipande). Mama wa Kongwa, hakohoi, hajakonda. Pafu la kulia lina kinundu cha sentimita 2 chenye kingo laini. Ripoti ilishaandikwa saratani. Nikamwambia, "Ngoja mdogo wangu, hatujapima mafuta." Tulifuata njia hii.

Hatua ya 1: Dirisha
Dirisha ni mpangilio wa weusi na weupe wa picha, kwa namba za Hounsfield, yaani kipimo cha msongamano wa tishu. Mapafu kwanza (kitovu −600, upana 1500), kisha tishu laini (40 na 400). Picha za zamani zikiwepo, linganisha.

Hatua ya 2: Mafuta
Hapa niliwahi kupoteza nusu siku, kwa hiyo tulia. Hamatoma ni uvimbe usio saratani, na mara nyingi hubeba mafuta yanayosoma kati ya −40 na −120 Hounsfield. Shida ni vipande vya milimita 5. Ukingoni, kipande kinene hubeba nyama na hewa pamoja, na mashine inakupa wastani: nyama ya 40 ikichanganyika na hewa ya −1000 kwa sehemu moja tu ya kumi, unasoma −64. Hayo si mafuta, ni hewa iliyojificha. Niliwahi kuandika hamatoma kwa namba ya aina hiyo. Vipande vyembamba vikaonyesha nyama tupu.

Mpigie mtaalamu wa mionzi usiku huohuo akutengenezee vipande vya milimita 1, kwa uchakataji laini, si ule mkali wa mapafu unaojaza chenga. Usingoje kesho, data ghafi hufutwa mashine ikijaa. Tumia picha za kabla ya kontrasti (dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani). Duara la kupimia liwe dogo, likae katikati, lisiguse ukingo wala chokaa (kalisi iliyoganda, nyeupe kwenye picha). Rudia kwenye vipande vitatu vinavyofuatana. Namba ya kipande kimoja mimi siikubali kabisa. Na kama mgonjwa aliwahi kuugua liposakoma (saratani ya tishu za mafuta) au saratani ya figo, usitulie hata ukiyaona mafuta, kwani saratani iliyosambaa kutoka huko nayo huweza kuyabeba.

Hatua ya 3: Chokaa
Ikitawanyika kama bisi, fikiria hamatoma. Ikijaa kinundu kizima au kukaa katikati, fikiria kovu la kifua kikuu.

Hatua ya 4: Njia za hewa
Kasinoidi, aina ya saratani inayokua polepole, hupenda bronkasi kubwa: mviringo, mara nyingi inawaka sana baada ya kontrasti. Ikiziba njia ya hewa, nimonia inarudi palepale. Nimeona wagonjwa wa namna hii wakimeza dawa za kifua kikuu miezi mingi bila makohozi kuwahi kuonyesha vimelea. Geuza picha kwa koronali (mkato wa kumtazama mgonjwa kwa mbele), fuata kila tawi. Andika waziwazi kwamba uvimbe una damu nyingi, ili atakayekata nyama ya uvimbe kwa uchunguzi ajiandae.

Hatua ya 5: Ripoti
Vipande vitatu vya yule mama vilisoma −82, −78, −85. Tukafuta "saratani", tukaandika "hamatoma". Mwanawe alikuwa amejikunyata kwenye benchi la korido tangu jioni. Daktari kijana akatoka kumwambia mwenyewe.