Kupanga Mfumo wa Nyaya wa King'ora cha Kulinda Nyumba
Kabla fundi hajapiga lipu nyumba yako, iwe Kampala au Mbarara, chora ramani yake na utie alama kwenye kila mlango na dirisha linalofikika, kwa kuwa kupitisha nyaya ndani ya mabomba ya plastiki wakati huo ni kazi rahisi, ilhali kuchimbua ukuta uliokwisha kupakwa rangi ni gharama kubwa. Nyaya zote zikutane kwenye sanduku kuu lililofichwa, mbali na mlango wa mbele.

Milangoni funga swichi za sumaku za aina ambayo mkondo hupita mlango ukiwa umefungwa. Hivyo mlango ukifunguliwa, au mwizi akikata waya, mkondo hukatika na king'ora hulia. Rezista, yaani kipande kidogo kinachopunguza mkondo na ambacho sanduku kuu hukipima, iwekwe mwisho kabisa wa waya, karibu na swichi, wala si ndani ya sanduku, la sivyo anayeziunganisha nyaya njiani hatagundulika. Jambo hili mafundi wengi hulipuuza, nami nakusihi ulisimamie mwenyewe.

Kwa kuwa umeme hukatika, usikubali mfumo usio na betri ya volti 12. Weka pia kinga ya radi, na kazi ya volti 240 mwachie fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme nchini Uganda.