Chakula cha panya buku: usiangalie bakuli, kagua kiota

Wanakikundi, salamu kutoka Masasi. Wengi mnaofuga panya buku mnalia kwamba mtama hauwatoshi. Tazameni wanavyokula. Buku ana mifuko mashavuni: anaijaza, anakwenda kuimwaga kiotani, anarudi. Mkiona bakuli tupu mnaongeza, naye anasomba. Mtama wenu uko chini ya nyasi anazolalia, umelowa mkojo.

1. Lisha jua likizama. Huyu ni mnyama wa usiku. Chakula cha mchana ni cha sisimizi.

2. Pima. Kwa buku mzima wa kilo moja na kidogo naanzia konzi moja ya nafaka kavu.

3. Asubuhi kagua kiota. Kazi yenyewe iko hapa, msiiruke. Inua kifuniko taratibu, papasa chini ya nyasi, hasa kwenye pembe. Punje chache, kipimo kimetosha. Ukikuta lundo, jioni hiyo punguza robo. Hukuti kitu, na ukimshika uti wa mgongo unakuchoma vidole, ongeza. Kilicholowa tupa, kikavu mwachie kidogo, maana ukimkomba ghala lote atasomba kwa pupa zaidi.

4. Tumia kigae kizito asichoweza kukipindua. Papai, embe au bibo liwekwe peke yake, kipande cha kuisha usiku huohuo.

Nafaka changanya na makopa (mihogo iliyokaushwa), mbaazi zilizochemshwa na dagaa kidogo. Makopa yaliyoota ukungu na karanga zilizovunda usimpe kwa kisingizio cha kubana matumizi: sumukuvu inaharibu ini, la mnyama na la mlaji wake pia.

Maswali

*Nachingwea:* Shikamoo dada. Korosho za daraja la chini naweza kuwapa?

Marahaba. Zilizobanguliwa sawa, lakini mojamoja, zina mafuta mengi. Zenye ganda usithubutu. Mafuta ya ganda yanachubua. Waulize wabanguaji vidole vyao.

*Newala:* Mwanangu, jike langu limezaa. Nalo nilipunguzie?

Shikamoo mama. Hapana, hilo liongezee, hata likiweka akiba. Mimba ni kama mwezi mmoja, kunyonyesha karibu mwezi mwingine, na muda wote huo linakula kwa ajili ya wengi; dagaa wasikose. Wiki ya kwanza usipekue kiota kabisa, jike likishtuka linaweza kula wanawe. Ukaguzi utaendelea watoto wakianza kutoka wenyewe.

*Lindi:* Wangu anatafuna mbao za banda na chakula kipo. Si njaa hiyo?

Si njaa, kaka. Meno yake ya mbele yanakua maisha yote, lazima ayasage. Mpe gunzi kavu au kipande cha mti wa mpera, na pale anapotafuna piga bati kwa ndani.