Kabla ya kulipia chumba Zanzibar, ulizeni saa za maji kupwa na kujaa

Wapenzi mnaopanga kwenda kupumzika Zanzibar, angalieni mwezi wa angani kwanza ndipo mchague ufukwe. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa yanapwa kwelikweli: mnatembea wee mpaka kwenye mashamba ya mwani, na bahari bado iko mbele. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri. Basi asubuhi kunyweni chai taratibu, mtembee, kuogelea kuwe jioni. Saa hizo husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo muulizeni mwenyeji wenu kila usiku.

Mkitaka kuogelea karibu muda wowote, nendeni Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa kisiwa. Mimi bado napenda mashariki, kumetulia zaidi.

Na tafadhali, vaeni viatu vya mpira mkishuka maji yakiwa yamepwa. Mwiba wa shokomzoba, yule mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba mwili mzima, hukatikia ndani ya nyayo, na fungate inaishia kitandani kwa maumivu. Kamba za mwani msizikanyage, ni riziki ya akina mama wa pale.